Siku moja na mashine ya kulainisha maji, Mombasa

Saa 12:30 asubuhi natoka Kisauni na mkoba: spana, tochi na dawa ya kupimia ugumu wa maji. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mvua ikipenya inayeyusha mawe hayo kidogo kidogo, na maji ya kisima yanapanda yamebeba kalsiamu na magnesiamu. Hizo ndizo ugumu wa maji, na ndizo zinazoganda ndani ya birika na kuziba hita.

Saa 2 niko Nyali. "Fundi, sabuni haishiki povu tena, na pipa la chumvi limejaa!" mama mwenye nyumba ananipokea. Nachota maji ya bombani, natia dawa: mekundu. Maji laini yangekuwa buluu papo hapo. Naenda kwenye pipa, nasukuma mpini wa fagio. Juu chumvi imeshikana ganda gumu, chini pana uwazi, kwa hiyo maji yaliyomo hayakolei. Navunja ganda taratibu, mabonge nayatoa kwa mkono.

Anauliza kwani chumvi yafanya nini humo. Namweleza: ndani ya tangi refu kuna punje za resini, ndogo kuliko mtama, zimebeba sodiamu, ile iliyomo ndani ya chumvi. Maji yakipita, punje zinashika kalsiamu na kuachia sodiamu, mbili kwa moja. Zikishiba, hupitishwa maji ya chumvi kali, kama asilimia 10. Wingi wa sodiamu unaing'oa kalsiamu na yote yanamwagwa nje. Pipa lisipokolea, punje hazioshwi. Naanzisha uoshaji kwa mkono, nasubiri mpaka umalizike, napima tena. Buluu.

Saa 6, Bamburi. Mzee mmoja ataka mashine kwa sababu maji ya kisima chake yana ladha ya chumvi. Bahari iko karibu mno. Nakataa kumuuzia. Mashine hii haiondoi chumvi majini, tena inaongeza sodiamu: kila miligramu 100 za ugumu kwa lita huacha takriban miligramu 46. Yeye anahitaji mtambo wa kuchuja kwa utando, ambao ni ghali zaidi. Naumia nikiona watu wanauziwa kisichowafaa, kwa hiyo hili nalisema kila nyumba.

Chakula cha mchana, wali maharagwe, upesi.

Saa 9 alasiri nafunga mashine mpya Mtwapa. Bomba moja la jikoni naliacha na maji yasiyolainishwa, kwa kuwa bibi wa nyumba ana presha na daktari amempunguzia chumvi. Chumvi ya bahari kutoka Gongoni yapatikana kwa urahisi, lakini nawaambia wachague iliyo safi. Mchanga huziba kitundu kinachovuta maji ya chumvi. Bomba la kumwagia nalielekeza kwenye mtaro, mbali na mchicha. Saa ya kuosha naiweka saa 8 usiku, maana mashine ikijiosha nyumba hupata maji magumu, na saa hiyo wote wamelala.

Saa 12 jioni nimeshapanda matatu.