Sanje, leo

Nimerudi Mang'ula sasa hivi. Magoti yanatetemeka, viatu bado vinachuruzika maji.

Tangu utotoni nasikia habari za maporomoko ya Sanje, mita 170 za maji ndani ya msitu wa milima ya Udzungwa, Tanzania. Leo nimeyafuata.

Tulianza alfajiri na mwongozaji wetu. Njia inapanda tu, mizizi na utelezi.
Kwenye kona moja akanyoosha mkono, tukanyamaza: mbega wekundu, juu kabisa, wakitutazama. Jamii hii inapatikana Udzungwa na misitu ya jirani tu, duniani kote.

Halafu mvumo. Unausikia kifuani kabla hujaona chochote.

Nilitaka picha ya maji laini kama pamba, kwa hiyo nikafunga kamera kwenye stendi, nikaiweka ipige kwa sekunde nzima.
Lakini pale korongoni hewa yenyewe ni maji. Kila nikifuta lenzi, matone yanarudi.
Mwisho nikavua kanga ya mama niliyojitanda, nikaifunika kamera. Nikatulia. Nikafunua, nikabonyeza.

Imetoka picha moja tu. Pembeni umeingia upindo wa kanga, mwekundu.
Siukati.

Mama alizaliwa hapa chini, karibu na mashamba ya miwa, lakini hajawahi kupanda. Nimemtumia picha. Kajibu: "Kumbe ndiyo huyo aliyekuwa akinguruma usiku tukiwa watoto."

Nimeisoma mara nne.

Nani mwingine kafika Sanje? Wekeni picha zenu hapa, nimwonyeshe mama.