Kutoka Tumba Hadi Mbegu: Kupiga Picha Maua ya Kurithi

Kwa miaka kadhaa nilizoea kuyapiga picha maua yangu katika wiki ile moja tu yanapokuwa yamechanua vizuri, kisha kamera hurudi kabatini. Siku nilipotaka kuchagua mbegu za kupanda tena ndipo nilipogundua kwamba katika albamu nzima hamkuwa na hata ganda moja la mbegu, wala sikuweza kukumbuka ni shina lipi lililotoa rangi niliyoitaka. Kwa ua la kurithi, ambalo huendelea kuwapo kwa sababu kuna mtu anayeitunza mbegu yake, hilo ni pengo kubwa.

Ua ninalolifuatilia zaidi ni Lathyrus odoratus wa aina ya Cupani, mmea utambaao wa jamii ya kunde ambao mtawa Francesco Cupani aliutuma Uingereza kutoka Sicily mwaka 1699. Petali yake ya juu ina rangi ya damu ya mzee na mabawa yake ni ya urujuani, na rangi hizo ndizo zinazoisumbua kamera. Katika jua la mchana wekundu hufika kikomo kabla ya rangi nyingine, petali ikabaki doa bapa lisilo na mishipa, hata ukiihariri picha usiku kucha. Siku hizi nasubiri mawingu, napunguza mwanga kidogo kuliko kamera inavyopendekeza, nafunga tundu la lenzi hadi f/11, yaani liwe dogo, na kasi ya shata, kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga, siishushi chini ya sekunde 1/250 kwa sababu ya upepo. (Alfajiri upepo hutulia, lakini mimi si mtu wa alfajiri.)

Majira ya kuchipua huwa na vikonyo vinavyojisokota tu. Napiga picha mbili, tatu, basi. Kiangazi kinapokwisha ndipo kazi inapoanza. Maganda hukauka, hubadilika kahawia, kisha hupasuka ghafla kwa kujipinda na kuzirusha mbegu mbali, nami bado sijawahi kuunasa mpasuko wenyewe. Ninachoweza kunasa ni ganda tupu lililojisokota, mwanga wa jua la jioni ukilipiga kutoka ubavuni.

Msimu huu nimefunga uzi wenye namba katika kila shina, na namba hiyo huonekana katika kila picha. Shina la tatu ndilo nitakalochukua mbegu zake.