Nakala hamsini za jiwe moja: safari ya Kinngait

Kutoka Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, hadi Kinngait hakuna barabara. Ni ndege ndogo tu, na anayekuja huku aache siku mbili tatu za akiba, maana ukungu ukitanda juu ya kiwanja cha changarawe rubani hugeuza akarudi. Kijiji kiko kisiwani, ubavuni mwa Kisiwa cha Baffin, Nunavut, kaskazini mwa Kanada. Ramani nyingi bado zinakiita Cape Dorset, ingawa jina la Kiinuktitut, lugha ya Wainuit wenyeji wa huku, lilirudishwa rasmi mwaka 2020.

Nilifuata karakana ya chapa (picha zinazochapwa karatasini kutoka jiwe lililochongwa), ambayo tangu 2018 imo katika kituo chenye jina la Kenojuak Ashevak, mchoraji wa yule bundi aliyewekwa kwenye stempu ya Kanada mwaka 1970. Wageni hudhani chapa za mawe ni urithi wa mababu. Kuchonga ndiko kwa kale. Uchapaji ulianza 1957, Wainuit walipokuwa wakitoka kambi za uwindaji kuhamia kijijini, ambako bila fedha taslimu huwezi kuishi.

Mchoraji huchora, akauzia ushirika wa kijiji mchoro wake. Mchongaji husawazisha uso wa bamba la jiwe, hulipaka rangi nyeupe, hunakili mchoro na kupitisha wino mweusi juu ya mistari. Kisha huchimba kila kilichobaki cheupe. Patasi ikiteleza na ncha ya unyoya ikamegeka, imekwenda hiyo.

Kupaka wino ndiko kulikonishika muda mrefu. Kila rangi ina rola yake, na sehemu za jirani huzibwa zisichafuke. Wino ukizidi hujaa kwenye mistari myembamba. Ukipungua huacha madoa meupe. Karatasi nyembamba ya Kijapani hulazwa mara moja tu, maana ikisogea hata unywele bundi anaota macho manne. Husuguliwa kwa mkono, polepole, kisha hubanduliwa kuanzia pembeni. Kwa kawaida hutolewa nakala 50, na jiwe hupakwa upya kwa kila moja. Zikitimia, mchoro hufutwa jiweni ili ya 51 isitokee.

Wachonga sanamu wako nje, hata kwenye baridi, kwa sababu ya vumbi la grainda. Bila barakoa mapafu yataumia. Jiwe lao, serpentini, ni gumu kuliko la sabuni tunalolijua kutoka Kisii. Kabla ya kulianza huligonga: likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti butu lina ufa ndani, na litapasuka kazi ikikaribia kwisha.

Wanunuzi wa kusini walizoea dubu na bundi. Annie Pootoogook, mzaliwa wa hapa, akachora jamaa sebuleni wakitazama televisheni, akachora jikoni, akachora na ulevi na vipigo vya nyumbani. Mwaka 2006 alishinda Tuzo ya Sobey, ya wasanii wa Kanada, kwa michoro hiyo hiyo.