Nilivyopewa dakika tatu za kumwelezea babu

Babu alipofariki wakubwa walikaa kikao wakaamua mimi ndo nisome maneno ya familia kanisani, eti kwa sababu naandika vizuri. Nikakubali fasta bila hata kufikiri. Usiku huohuo nikajaza kurasa sita: kabatizwa lini, kipaimara lini, ndoa, watoto, miaka aliyokuwa mshika hazina wa parokia, yaani kila kitu.

Asubuhi paroko akanipigia. Akaniambia misa ya mazishi haina hotuba ya kumsifu marehemu, mahubiri ni ya kumtangaza Kristo mfufuka, ila mwanafamilia anaruhusiwa kusema machache baada ya sala ya baada ya komunyo, kabla ya buriani. Dakika tatu. "Ukizidisha mwanangu, nitakohoa."

Kiukweli nilikasirika. Miaka themanini na kitu unaiwekaje kwenye dakika tatu? Nikampa shangazi zile kurasa anisaidie kupunguza, akasoma, akavua miwani, akauliza, "Huyu ni nani?" Nikaangalia upya, nimeandika "mcha Mungu" mara nne na "mfano wa kuigwa" mara tatu, na hayo maneno ungeweza kuyasoma kwa mzee yeyote Mkatoliki na hakuna ambaye angestuka. Babu mwenyewe mle hayumo.

Nikaacha kuandika. Nikashika simu nikawa nawapigia ndugu mmoja mmoja, swali moja tu: rozari ya babu unaikumbukaje? Kila mtu alicheka kwanza ndo akajibu. Sababu babu alikuwa anasali macho yamefumba lakini anaona kila kitu, katikati ya sala unasikia "Salamu Maria, umejaa neema, wewe shusha mguu, Bwana yu nawe", sauti ileile, hajapandisha wala kushusha, na sisi tunaendelea kuitikia "Maria Mtakatifu" huku tumeng'ata midomo. Baba mdogo anasema kuna siku babu alisinzia kwenye tendo la nne (kila usiku unasali matendo matano, yaani matukio ya Yesu na Maria ya kutafakari), wakanyamaza wakidhani wameokoka, akazinduka akaanza upya tendo la kwanza.

Halafu wote, bila kuambizana, wakafika kwenye Alhamisi.

Iko hivi. Zamani rozari ilikuwa na matendo 15, matano matano, ya Furaha, ya Uchungu na ya Utukufu, kila kundi na siku zake, na Alhamisi ilikuwa siku ya Furaha. Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II akaongeza matano ya Mwanga, akapendekeza yawe Alhamisi na Furaha ihamie Jumamosi. Bibi akayapokea siku hiyohiyo. Babu akagoma. "Nimesali Furaha Alhamisi tangu sijaota ndevu, Bikira Maria hajawahi kunilalamikia. Na Papa kapendekeza, hajaamuru." Huyu ni mtu aliyetumikia misa ya Kilatini utotoni, akaipokea misa mpya bila neno, lakini Alhamisi yake hapana, msimguse. Suluhu yao ikawa mzigo wetu sisi wajukuu: babu anaongoza Furaha, akimaliza bibi naye anaanza Mwanga, rozari mbili mfululizo, na kesho shule.

Bibi akatangulia. Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi yake tukapiga magoti, babu akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Matendo ya Mwanga. Tendo la kwanza, Yesu anabatizwa mtoni Yordani." Hakuna aliyegeuza shingo. La pili akalipata, harusi ya Kana. La tatu akakwama, maana miaka yote ile bibi akiongoza yeye alikuwa anaitikia tu, hakuwahi kuyashika. Binamu yangu mdogo akamnong'oneza, "Anatangaza Ufalme wa Mungu, babu." Akarudia. Tangu hapo Alhamisi zake zote zikawa za Mwanga, hakueleza na sisi nani angethubutu kuuliza.

Basi nikaandika hicho tu. Nusu ukurasa. Nilikisoma kwa sauti chumbani mara kama kumi hivi, sababu pale kwa Kana sauti ilikuwa inanikatika, nikagundua nikishika kidole kwenye mstari na kutoinua macho napita. Kanisani nikafanya hivyohivyo. Kwenye "shusha mguu" watu wakacheka, hata wale waliokuwa wanalia, na paroko hakukohoa. Mjomba mmoja alininunia kwa kuacha uongozi wa hazina, nadhani bado amenuna.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa bado tumejaa pale nyumbani. Usiku shangazi akachukua rozari ya babu, ile ya mbao iliyofungwa uzi mweusi pale ilipokatikia, akauliza, "Leo tunasali yapi?" Tukatazamana. Mwisho tukaanza na Furaha tukamalizia na Mwanga, kama dakika arobaini za magoti, na lile la tatu binamu akawahi kulitaja kabla hata shangazi hajafungua mdomo.