Dola 61 za betri ya gari

Aprili 2024 tulihama, tukatoka upande wa mashariki wa Columbus, Ohio, tukaenda upande wa kaskazini. Mwendo wa dakika ishirini tu kwa gari. Siku ile ile nikaingia kwenye tovuti ya posta, nikajaza fomu ya kubadili anwani, nikakatwa dola moja na senti kidogo, nikajiona mtu makini. Kazini niliwapa anwani mpya, umeme nikahamisha, shule ya mtoto nikaenda mwenyewe.

Kilichonitoka kichwani ni kadi ya mkopo ya duka la vipuri, ambayo nyuma yake kuna benki. Niliichukua mara moja tu, betri ilipokufa katikati ya baridi. Deni lilikuwa dola 61. Kadi yangu kubwa hujilipa yenyewe kila mwezi. Hii niliilipa kwa kungoja karatasi ya bili ije.

Karatasi hazikuja. Agosti tulikwenda kuangalia gari la mke wangu. Kijana wa mikopo akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akatazama tena kompyuta. Skoa, ile namba inayopima unavyolipa madeni, iliyokuwa 734 ilikuwa 641. Miezi mitatu sijalipa, faini juu ya faini, zile 61 zimefika 158. Mke wangu hakusema neno mpaka tuko ndani ya gari, na hapo ndipo aliposema yote.

Nikampigia niliyekuwa nakaa naye nyumba ya zamani, kijana wa Bukavu, ambaye alibaki pale. "Kaka, bahasha ziko hapa juu ya friji. Nyeupe, hazina jina la benki. Nilijua ni matangazo." Nikawaka. Nikamwambia maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi.

Kumbe benki nyingi huandika kwenye bahasha zao kwamba barua isipelekwe anwani nyingine, irudishwe ilikotoka. Hilo ni kwa ajili ya wezi, na lina maana. Kwa hiyo fomu yangu ya posta haikuzigusa: nyingine zilirudi benki, nyingine mleta barua akazitumbukiza kwenye sanduku lile lile la zamani kama alivyozoea.

Nilipiga simu huduma kwa wateja nikiwa na hotuba kamili. Mama aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisomea kipengele cha mkataba: mteja ndiye wa kuijulisha benki akihama. Saini yangu ipo chini. Sheria inawabana wao watume bili angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa, na walituma. Deni nalo lilikuwa langu, nimepata karatasi au sijapata. Betri nilikuwa naiendesha kila siku. Akanifutia faini moja kwa huruma. Alama ya kuchelewa alikataa katakata, na hiyo hukaa miaka 7 kwenye rekodi. Binti yangu atakuwa darasa la saba.

Gari tulinunua lililochoka zaidi, kwa riba ambayo siiandiki hapa.

Mwezi uliopita yule kijana naye amehama. Nikamkimbilia na simu: umeshaziambia kadi zako? Akacheka sana.

"Kadi gani, kaka? Mie nalipaka na feza mu mukono."