Siku moja maishani mwangu: kusaka barabara za kimya kwenye milima ya Mallorca

Saa 11:20 alfajiri

Nikiamka, kitu cha kwanza ni kufungua dirisha nisikilize upepo. Upepo wa kaskazini hapa unaitwa tramuntana, jina lile lile la milima iliyo juu ya kijiji chetu cha Bunyola: Serra de Tramuntana, iliyotanda upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa cha Mallorca, Hispania. Upepo ukivuma vibaya nabadilisha njia kabla hata sijanywa chai. Leo mlimau wa jirani umetulia. Tunapanda.

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Nimekulia kando ya barabara inayopanda kutoka Mombo, ile ya kona juu ya kona, mabasi yakipiga honi kila yanapokata moja. Huku nilikuja kufanya kazi ya hoteli, baadaye nikahamia kuongoza misafara ya baiskeli. Kazi yenyewe ni hii: watu sita hadi wanane, siku nzima milimani, na jioni wote warudi wazima. Kwa ajili ya hilo la mwisho nachagua barabara kwa ukali kuliko kitu kingine chochote.

Saa 12:10 asubuhi

Gereji. Baiskeli sita za wageni na yangu ya saba. Nazungusha kila tairi taratibu nikitafuta kijiwe kilichonasa, nabana breki, nasikiliza cheni. Gia kubwa ya nyuma, ile nyepesi ya kupandia mlima, nimewawekea ya meno 34. Mtu mzima aliyekaa ofisini mwaka mzima anahitaji mguu uzunguke kwa wepesi. Ukimpa gia ngumu, kufika saa sita magoti yamekwisha.

Jana usiku nimewasihi watoke mapema, na wawili hawakufurahi. Wako likizo, wanataka kulala. Nikawaambia ninachowaambia wote: ukimya wa barabara una sababu zake na una saa zake. Ukijua sababu na ukawahi saa, unapata mlima mzima peke yako. Ukichelewa, mlima ni ule ule lakini unaugawana na mabasi.

Saa 1:05 asubuhi

Tunaanza na Coll de Sóller; coll kwa lugha ya hapa ni mahali barabara inapovuka mlima. Zamani gari linalotoka mji mkuu, Palma, kwenda Sóller kwa njia ya moja kwa moja lilipita huku juu, kwenye kilele cha mita 496. Mwaka 1997 likafunguliwa handaki la kilomita 3 hivi chini ya mlima. Lilikuwa la kulipia, kwa hiyo waliobana pesa waliendelea kupita juu. Mwaka 2017 malipo yakafutwa, na magari karibu yote yakashuka chini. Baiskeli haziruhusiwi kuingia handaki hilo. Tukaachiwa sisi barabara nzima ya lami, kona zaidi ya 50 ukihesabu pande zote mbili, imepita katikati ya misonobari na mialoni.

Tunapanda kama kilomita 5 na hakuna gari hata moja linalotupita. Hakuna. Kinachosikika ni pumzi za watu na cheni. Mzee wa Kibelgiji, miaka 68, anapanda na mkewe bega kwa bega wakizungumza kwa sauti ya chini, kama watu waliokaa sebuleni kwao. Kileleni natoa simu narekodi nusu dakika ya ule ukimya, nikamtumia mdogo wangu wa Lushoto.

Ninavyoshupalia jambo hili kuna chanzo chake. Msimu wangu wa kwanza niliwapitisha wageni kwenye barabara kuu ya tambarare saa ambayo watu wanawahi kazini. Nilitaka kuokoa dakika ishirini. Gari likatupita karibu mno, kioo cha pembeni kikagusa usukani wa mama mmoja, akaanguka ukingoni mwa barabara. Alivunjika mfupa wa bega. Sheria ya Hispania inamtaka dereva aache mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli, na madereva wengi wa hapa wanaiheshimu, lakini sheria haikumnyanyua yule mama. Nilikaa naye barabarani nimemshika mkono mpaka gari la wagonjwa likafika. Tangu siku hiyo sijapitisha mtu pale.

Saa 1:55 asubuhi

Sóller, mji wa machungwa. Kahawa ya haraka, robo saa tu.

Juu ya mji kuna kijiji kinaitwa Biniaraix, na mchana tutapita kingine kinaitwa Biniamar. Mara ya kwanza kuyasikia majina haya nilisimama. Hiyo "bini" ni ya Kiarabu, wana wa fulani, ndugu wa "bin" yetu ya majina ya pwani. Waislamu walitawala kisiwa hiki tangu mwanzoni mwa karne ya 10 mpaka Mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragon alipokiteka mwaka 1229, na kazi yao ya kuyaongoza maji ya mlimani bado inaonekana kwenye mifereji na matuta ya mawe. Hata zeituni, kwa Kihispania inaitwa aceituna. Itamke taratibu utaisikia.

Saa 2:15 asubuhi

Sasa ndiyo kazi. Kutoka Sóller barabara inapanda kwenye mabega ya Puig Major, mlima mrefu kuliko yote kisiwani, zaidi ya mita 1,400. Kileleni kuna rada za jeshi, hakuendeki. Sisi tunaishia kwenye handaki dogo, zaidi ya mita 800 juu ya bahari. Ni kilomita 14 za kupanda mfululizo, na mwinuko wenyewe si wa kutisha, mita 6 hivi kwa kila 100. Kinachowaua watu ni haraka. Kila mgeni mpya anaondoka mbio. Mimi nakaa mbele kwa makusudi, polepole, kama mtu anayepeleka ng'ombe kisimani, na hakuna ruhusa ya kunipita mpaka kilomita ya nane.

Hii ndiyo Ma-10, barabara inayofuata milima yote kutoka Andratx hadi Pollença. Hapa hakuna handaki kama lile la Sóller lililoyaondoa magari barabarani, kwa hiyo silaha yetu ni saa tu. Asubuhi hii tumepitwa na magari manne, na lori moja la mkate ambalo dereva wake ananijua, akapunga mkono.

Saa 3:40 asubuhi

Handakini, taa zimewashwa, tukatokea upande wa pili penye bwawa la Cúber. Maji yametulia, kondoo wamelala kandokando ya lami. Mke wa yule mzee ameshuka kwenye baiskeli na analia. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni vile tu hakudhani angefika. Nikampa chungwa la Sóller, tukakaa kidogo.

Saa 4:10 asubuhi

Njia panda ya kwenda Sa Calobra, ghuba ndogo chini ya milima. Kijana mmoja wa kikundi hiki amekuwa akiisubiri kwa hamu: kilomita 9 na ushee za kushuka hadi baharini, halafu unapanda zile zile, maana barabara nyingine hakuna. Aliichora mhandisi Antonio Parietti, ikakamilika mwaka 1932, na kuna mahali imejizungusha ikapita chini yake yenyewe. Wenyeji wanapaita Nus de sa Corbata, yaani fundo la tai.

Anataka tushuke sasa. Nikamwonyesha kwa kidole: basi la kwanza la watalii linakata kona, la pili linafuata, na bado ni asubuhi. Kwenye upana ule, basi likikutana na basi mnasimama nyote. Nimemwahidi kesho. Amekubali, ingawa shingo upande.

Saa 5:50 mchana

Tulipumzika kwenye monasteri ya Lluc, tukashuka Coll de sa Batalla, na karibu na Caimari tairi la nyuma la kijana yule likatoa upepo.

Nimewakusanya wote waone. Kubadilisha tyubu kila mtu anaweza. Tatizo ni kuweka tyubu mpya juu ya kitu kile kile kilichotoboa ya kwanza. Mfukoni nina kipande cha kanga kuukuu ya mama. Nakipitisha ndani ya tairi, mzunguko mzima, polepole. Sitii kidole kitupu, kitachanika. Karibu na neno la mwisho lililoandikwa ubavuni mwa tairi, uzi wa kanga ukanasa. Nikachomoa waya mwembamba kama unywele, urefu wa punje ya mchele. Waya kama huu hutoka kwenye matairi ya magari yaliyochakaa. Kijana ameuweka kwenye kiganja akautazama muda mrefu. Baba yangu alinifundisha hivyo mbele ya kibanda chake cha fundi, na nguo ilikuwa kanga vilevile.

Saa 8:30 mchana

Baada ya chakula tumepita Selva, Biniamar, Lloseta, kwa vichochoro vya mashambani: ukuta wa mawe kushoto, ukuta wa mawe kulia, mlozi, mtini, mkarobu. Kuta hizi hazina saruji wala udongo, mawe yamepangwa yakashikana yenyewe.

Kutoka Alaró tunapanda kwenda Orient, kijiji cha watu wachache mno. Hapa sababu ya ukimya ni nyingine: barabara kubwa ya Ma-13 kule bondeni imewabeba wote wenye haraka, na barabara hii nyembamba wanaitumia wenye shamba tu. Tumekutana na trekta moja. Likasimama kutupisha, dereva akazima na injini.

Hapo zilisikika kengele za kondoo kwenye bonde zima. Hakuna aliyesema kitu mpaka Coll d'Honor.

Saa 10:15 jioni

Bunyola, kama kilomita 90 miguuni, watu sita, wote wazima. Nimewahesabu mara mbili.

Wao wanaenda kuoga, mimi nabaki na ndoo na sabuni. Miteremko ya leo imekula padi za breki za baiskeli mbili, nimezibadilisha. Cheni zote zimefutwa na kutiwa mafuta.

Saa 1:30 usiku

Simu kutoka Lushoto.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo. Ile sauti uliyonitumia nimempigia baba aisikilize. Anauliza, magari yameenda wapi?"

Nikamweleza habari ya handaki. Kwa mbali, nyuma ya sauti yake, nikasikia honi ya basi linalokata kona.

Kesho gari letu linaondoka saa 11:15 alfajiri na baiskeli saba juu. Saa 1:00, jua likichomoza, tunaanza kuteremka Sa Calobra. Nimeweka kengele saa 10:30.