Marekani ilikuwa vitani kabla ya Pearl Harbor, na mimi hapo sibanduki

Juzi saluni hapa Tengeru watu walibishana kweli kuhusu haya mambo ya nchi kubwa kupeleka silaha kwenye vita ya wenzao, jamaa mmoja akashikilia kwamba kama hujatangaza vita basi haupo vitani, full stop. Mzee aliyekuwa ananyolewa akamuuliza, "Sasa mwanangu, na risasi iliyomuua adui ni ya nani?" Jamaa akasema, "Mzee wangu, ni ya aliyeifyatua." Mimi nipo na mzee, na sababu zangu ni hizi.

Shuleni tuliambiwa Marekani iliingia Vita Kuu ya Pili baada ya Wajapani kupiga Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani kule Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941. Kwa makaratasi sawa. Ila Septemba 1940, zaidi ya mwaka mzima nyuma, Rais wa Marekani, Roosevelt, alishampa Waziri Mkuu wa Uingereza, Churchill, manowari 50 za zamani, za enzi za vita ya kwanza, wakati nyambizi za Wajerumani zinazamisha meli za Mwingereza kila kukicha. Moja ya hizo manowari Waingereza wakaiita Campbeltown, Machi 1942 wakaijaza baruti wakaenda kuibamiza kwenye geti la gati la St Nazaire kule Ufaransa, ikalipuka na gati likafa mpaka vita inaisha. Hiyo chuma ilitolewa na nchi iliyokuwa inasema haimo vitani!

Halafu Mwingereza akaishiwa dola, na sheria ya Marekani ilitaka alipe keshi na abebe mzigo kwa meli zake mwenyewe, ndo Roosevelt akaja na ule mfano wake wa mpira wa maji, kwamba nyumba ya jirani ikiwaka moto unampa mpira azime kwanza, habari za bei baadaye. Tarehe 11 Machi 1941 akasaini sheria ya kuazimisha silaha, Bunge likatoa dola bilioni 7 za kuanzia. Manowari za Marekani zikaanza kusindikiza misafara ya meli baharini, na tarehe 31 Oktoba 1941 nyambizi ya Kijerumani ikaizamisha mojawapo, Reuben James, mabaharia wapatao 100 wa Kimarekani wakafa. Pearl Harbor bado wiki tano. Wale walikufa kwenye amani?

Lakini kinachoniuma zaidi ni bei ya zile manowari 50. Mwingereza hakulipa hela, alilipa ardhi, akampa Mmarekani maeneo ya kujenga kambi za jeshi Jamaica, Trinidad, Antigua, St Lucia, Bahamas na Guyana, kwa miaka 99. Sisi wa huku hati ya miaka 99 tunajua maana yake, hiyo mpaka wajukuu. Na hao watu wa visiwani hakuna aliyewauliza, walikuwa makoloni tu, kama sisi Tanganyika tulivyoingizwa vitani Septemba 1939 kwa sababu London imeamua, vijana wakabebwa na KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku, mpaka Ethiopia, wengine mpaka Burma.

Trinidad walipewa rasi nzuri ya Chaguaramas, karibu kabisa na mji mkuu Port of Spain, wakazi wakahamishwa, fukwe zikafungwa. Vita ikaisha 1945, kambi ikabaki. Aprili 1960 Eric Williams, kiongozi wa serikali ya Trinidad, akaongoza maandamano Port of Spain, mvua inanyesha na watu wanatembea, wanadai Chaguaramas yao, na mwishowe kambi ya wanamaji ikafungwa 1967, miaka 99 haijafika hata theluthi.

Kwa hiyo mtu akiniambia msaada wa silaha siyo kuingia vitani, mimi namuuliza kwanza nani analipa, na kwa ardhi ya nani. Walimu wa historia mliopo huku Arusha na Moshi, hii ya visiwa mnawafundisha watoto? Mimi sikufundishwa, na ningependa mdogo wangu aliye form three aisikie darasani.